Muundo Rejea wa Kuni: Kusoma Kiwanda cha Chai Kericho na Bomet

Historia ya nishati katika utengenezaji wa chuma husimuliwa kwa muundo wa moja kwa moja. Kwanza palikuwa na makaa ya miti. Mwaka 1709 Abraham Darby akayeyusha mawe ya chuma kwa koki huko Coalbrookdale, Uingereza, na misitu ikapumzika. Mwaka 1828 James Neilson wa Scotland akabuni kupuliza tanuri kwa hewa iliyokwisha kupashwa moto, na makaa yakatumika kidogo kuliko awali. Mwaka 1856 Henry Bessemer akatangaza njia yake ya kupata pua kwa wingi na kwa bei nafuu. Yakafuata mafuta, gesi na tanuri la umeme, na siku hizi tunaahidiwa haidrojeni. Kila nishati huingia jukwaani, husema maneno yake, hutoka, wala hairudi. Msimulizi wake anajua yote na wakati wake unaelekea upande mmoja tu.

Muundo huu umeazimwa na kila tasnia iliyoota juu ya chuma. Viwanda vya chai navyo vinao. Utaukuta katika michoro ya mishale inayoanza na kuni, ikapita kwenye mafuta mazito na umeme, ikaishia kwenye jua. Ninaupinga, ingawa tarehe zake ni za kweli. Kosa lake liko kwenye umbo. Ushahidi wangu ni kiwanda cha chai cha nyanda za Kericho na Bomet, nami nitakisoma kama mhakiki anavyosoma riwaya: mpangilio wa sehemu zake, mandhari yake, wahusika waliopewa maneno na wahusika walionyimwa.

Aliyepitia darasa la fasihi ya Kiswahili anaukumbuka mfano wa kueleza fani na maudhui: fani ni kikombe, maudhui ni chai iliyomo. Wahakiki wa mrengo wa kiyakinifu waliukataa siku nyingi, wakashikilia kwamba viwili hivyo havimiminiki kimoja kikabaki kingine. Kiwanda kinawapa haki. Urefu wa paa lake, upana wa madirisha yake, umbali kati ya mashine na mashine, hata uwanja ulio nyuma yake, vyote viliamuliwa na kile kilichokuwa kikiwaka siku ambazo kila sehemu ilijengwa. Ukikiondoa kilichowaka, umbo lenyewe halina maelezo.

Tuanze na kazi ya kiwanda. Majani mabichi yanayoletwa kutoka kituo cha kununulia yana maji kati ya robo tatu na asilimia 80 ya uzito wake. Chai inayofungwa kwenye mifuko ina maji yapatayo asilimia 3 tu. Ndiyo sababu kilo 1 ya chai hutokana na takriban kilo 4 na nusu za majani. Ladha na rangi zina sanaa yake, lakini sehemu kubwa ya nguvu inayotumika pale inakwenda kwenye kufukuza maji, na maji hayafukuzwi ila kwa joto na upepo.

Upepo ulitangulia. Viwanda vya zamani vya chai, vya Assam na Ceylon na vilivyojengwa kwa mfano wao katika makoloni mengine, vilikuwa na ghorofa za juu zenye madirisha mengi pande zote. Huko juu majani yalitandazwa juu ya vitambaa vya magunia yakaachwa yanyauke. Ghorofa hiyo ndiyo iliyolipa jengo kimo chake, na ukiona picha ya kiwanda cha zamani chenye safu juu ya safu ya madirisha, ujue ni upepo ulioandikwa kwa mbao na vioo. Lakini Kericho ni nchi ya mvua. Kwa miezi mingi ya mwaka mawingu hujikusanya adhuhuri, na alasiri mvua inashuka, mara nyingine na mvua ya mawe. Majani yanayochumwa yakiwa yamelowa hayanyauki kwa kusubiri upepo. Kwa hiyo joto ilibidi lipandishwe juu, na hapa ndipo jengo linapoonyesha ustadi wa msuko wake: vikaushio vilikaa chini, na hewa ya moto iliyobaki baada ya kukausha ilivutwa kwa feni kupanda kwenye ghorofa ya kunyaushia. Tendo la mwisho la chai ya leo asubuhi lilikuwa likihudumia tendo la kwanza la chai ya kesho. Mchoro wa mishale hauna nafasi ya kuonyesha jambo kama hilo, kwa kuwa mshale hauna namna ya kurudi mwanzoni.

Kikaushio chenyewe kina hadithi ya chuma. Samuel Davidson alizaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1846, akaenda Cachar, India, mwaka 1864 kufanya kazi kwenye shamba la chai wakati chai ilipokuwa bado inakaushwa juu ya moto wa makaa ya miti, trei kwa trei, moshi ukiingia kwenye majani. Alibuni jiko la chuma linalopasha hewa upande mmoja na kuipitisha safi kwenye majani upande wa pili, kisha mwaka 1881 akaanzisha kiwanda chake Belfast, akakiita Sirocco, jina la upepo wa moto utokao jangwani. Mashine zake zilienea kote Waingereza walikopanda chai. Tazama jinsi tabaka zilivyopandana: chuma kilichoyeyushwa kwa koki, kikafinyangwa katika mji unaoendeshwa kwa mvuke wa makaa ya mawe, kikasafirishwa kwa meli za makaa ya mawe, ili kikafike mahali ambapo kitalishwa kuni. Zama za makaa ya mawe hazikuja nchi ya chai kama moto. Zilikuja kama vyuma, na vyuma hivyo vikawa na njaa ya miti.

Kericho ilipata chai ya biashara katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay walipoingia. Kabla yao palikuwa na jaribio la kuwapa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia mashamba ya kitani. Likaanguka, na ardhi ikaelekea kwa kampuni za chai. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na stesheni ya Lumbwa, inayoitwa Kipkelion sasa, ndiyo iliyokuwa mlango wa mizigo ya Kericho. Hiyo reli nayo ilikuwa ikila kuni. Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuzilisha treni. Mti ulioletwa kwa ajili ya garimoshi ndio ambao baadaye ulipandwa kuzunguka mashamba ya chai kwa ajili ya boila, na Wakenya wengi wanauita blugamu bila kujali ni wa jamii gani. Kwa lugha ya uhakiki, mkaratusi ni mhusika aliyetokea katika sura za mwanzo kwa dhima ndogo, msomaji akadhani amekwisha, kumbe atabeba kitabu kizima.

Ndani ya kiwanda, safu za mashine zimenyooka kwa namna inayomfanya mtu adhani ni nidhamu tu. Sababu ni ya kinishati. Kabla kila mashine haijapata mota yake, injini moja ilizungusha mhimili mrefu wa chuma uliopita juu kwenye dari, na mikanda ilishuka kutoka kwenye mhimili huo hadi kwenye kila mashine. Mashine haikuwa na hiari ya kukaa penginepo. Ilikaa chini ya mkanda wake. Umeme ulipokuja na mota ndogondogo, mhimili uliondoka lakini mistari haikuondoka. Majengo yaliyojengwa upya baadaye yaliiga mistari ya yale ya awali. Viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA, mamlaka iliyoundwa 1964 na kugeuzwa kampuni ya wakulima mwaka 2000, kama vile Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga, havikuhitaji ghorofa ndefu za upepo: vinanyausha kwenye vihori virefu vyenye wavu, feni ikipuliza hewa kutoka chini. Hata hivyo mtiririko wa mstari umebaki. Umbo hudumu kuliko kilichoumba umbo hilo, na mhakiki asiyelijua hilo ataona mazoea pale ambapo pana historia.

Katikati ya mstari huo kuna mashine zinazoleta sifa ya chai ya Kenya, zile za kukata, kurarua na kuviringa, zilizobuniwa Assam mwaka 1930 na William McKercher. Ni jozi za rola za pua zenye meno, moja ikizunguka kwa kasi kuliko mwenzake, na majani yanayopita katikati yao hutoka yamesagika na kuanza kubadilika rangi. Meno hayo huchakaa upesi. Kwa hiyo kila kiwanda kina karakana, na karakanani kuna fundi ambaye kazi yake ni kuyachonga upya. Rola inafungwa kwenye mashine ya kukerezea, kisu kinapita polepole juu yake, vinyweleo vya chuma vinajisokota na kuanguka, harufu ya mafuta ya kupoozea inajaa hewani, na baada ya saa kadhaa rola inatoka imeng'aa, ina makali, na ni nyembamba kidogo kuliko ilivyoingia. Ikichongwa mara nyingi inakwisha. Fundi huyo ni mrithi wa wahunzi wa Wakipsigis na Wanandi waliokuwa wakifua mikuki na majembe kwa makaa ya miti na mivukuto ya ngozi, kazi ya wachache waliotengwa kidogo na jamii kwa ajili ya moto wao. Hakuna brosha ya chai inayomtaja. Na kisu chake kinakwenda kwa umeme wa gridi, au kwa jenereta ya dizeli gridi ikikatika, ilhali ukuta wa pili tu kutoka hapo panawaka kuni.

Twende basi nyuma ya kiwanda, mahali ambapo mgeni hapelekwi kwanza.

Uwanja wa kuni ni sehemu iliyoandikwa kwa makini kuliko zote, na ni hapo ninapoomba msomaji anivumilie nikae. Magogo ya mkaratusi yanafika yamekatwa kwa urefu wa takriban mita 1. Yakiwa mabichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kuchoma gogo bichi ni kutumia moto wa gogo kuchemsha maji ya gogo, kisha kubaki na moto mdogo wa kuchemsha maji ya boila. Kwa hiyo magogo mazito hupasuliwa, yakapangwa kwa safu zenye nafasi za hewa katikati, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, yakakaa miezi. Safu ya zamani hutangulia kuingia motoni, safu mpya husubiri zamu. Mtu aliyezoea uwanja huo hahitaji daftari. Anatazama ncha za magogo: lililokauka limepasuka kama miale kutoka kwenye moyo wake, gamba limeachia, na likigongwa na jingine linatoa mlio mkavu. Bichi linanyamaza. Kiwanda kinachokopa kuni za wiki hii kwa ajili ya moto wa wiki hii utakitambua kwa dohani yake, kwa moshi mzito mweupe wa mvuke uliochanganyika na moshi wa kuni zisizoungua vizuri.

Mlangoni mwa tanuri la boila yuko mchochezi. Anafungua mlango, anasukuma magogo, anafunga haraka kwa sababu hewa baridi inayoingia inapunguza joto alilolitafuta. Macho yake yako kwenye geji ya shinikizo na kwenye kioo cha kuonyesha kimo cha maji. Shinikizo likishuka, mvuke unaokwenda kwenye vikaushio unapungua, hewa inayokausha inashuka chini ya kiwango chake, na chai inayotoka inabaki na unyevu utakaoiozesha ghalani. Kuanzia hapo hadi mnada wa Mombasa, bei ya mkulima na bonasi yake ya mwisho wa mwaka vinategemea mkono huo unaojua gogo lipi liingie lini. Ustadi huo ni nishati pia, ila haupimwi kwa kilowati.

Sasa tuje kwenye sura ambayo muundo wa moja kwa moja hauwezi kuisimulia bila kuona haya. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963, na mafuta mazito yakapatikana nchini. Viwanda vingi vya chai vilifunga vichomeo vya mafuta. Palikuwa na sababu nzuri: tangi moja la mafuta lilichukua nafasi ya uwanja mzima wa kuni, vali moja ilichukua nafasi ya wachochezi, na moto ukawa sawa asubuhi na jioni. Kwa mchoro wa mishale, hapo kuni zilikwisha. Kisha ukaja mwaka 1973, na 1979, mafuta yakapanda bei mara mbili katika muongo mmoja, na kwa miaka iliyofuata kila shilingi iliyoshuka dhidi ya dola iliyapandisha tena. Boila zikageuzwa kuchoma kuni, au zikaletwa mpya za kuni. Kiwanda cha Changamwe chenyewe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Boila za kuni bado zinafanya kazi.

Wahakiki wetu wana jina la msuko wa aina hii: muundo rejea. Masimulizi yanakwenda mbele, yanarudi nyuma, na kurudi huko hakuhesabiwi kuwa kasoro ya mtunzi. Msomaji hurudishwa nyuma kwa sababu yaliyotokea zamani bado yanafanya kazi ndani ya yanayotokea sasa. Mwanauchumi wa nishati anayeona kuni za Litein au Kapkoros akasema wamerudi nyuma, anasoma muundo rejea kwa kanuni za muundo wa moja kwa moja. Wakulima hawakurudi zama za mababu. Walifunga mti wa Australia kwenye boila ya karne ya ishirini, wakaipa feni za umeme, wakapanga miche kwa miaka saba hadi kumi ya kukomaa na kuchipuka tena kutoka kwenye kisiki. Mpango huo ni mpya kuliko mafuta uliyoyaondoa.

Ukishakisoma kiwanda hivi, irudie ile historia ya chuma, uone inavyoyumba. Koki ya Darby ya mwaka 1709 ilikaa takriban nusu karne kabla ya kuanza kuenea kwa kasi. Chuma chake kilifaa kumiminwa kuwa sufuria, lakini wafuaji waliendelea kutaka chuma cha makaa ya miti kwa kuwa kilifulika vizuri zaidi. Makaa ya mawe yenyewe yalichimbwa chini ya nguzo za miti, na mwanahistoria Mfaransa Jean-Baptiste Fressoz, katika kitabu alichokitoa 2024, anashikilia kwamba nishati mpya hazikuziondoa za zamani bali zilizidi kuzitegemea. Leo hii katika jimbo la Minas Gerais, Brazil, matanuri yanayeyusha chuma kwa makaa ya miti kwa kiwango cha kibiashara. Mti unaochomwa makaa hayo ni mkaratusi, ule ule wa Kericho.

Na ile sura ya hewa ya moto ya 1828 ina msomaji wake wa Afrika Mashariki. Wahaya wa Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria, waliyeyusha chuma kwa karne nyingi hadi chuma cha Ulaya kilipoifukuza kazi hiyo. Mwaka 1976 wazee waliokuwa wakiikumbuka walijenga tanuri upya mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt: shimo lililojazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, kuta za udongo wa kichuguu na taka za chuma, mabomba ya udongo yakiingizwa hadi ndani, mivukuto ikipulizwa nje. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba hayo kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine walibisha, hasa kuhusu kiwango cha joto lililofikiwa, na mabishano hayo yana uzito wake. Linalonihusu mimi kama mhakiki ni kwamba muundo wa moja kwa moja ulikuwa umekwisha kuamua jibu kabla ya vipimo: hewa ya moto ni tukio la Scotland, kwa hiyo haiwezi kutokea mahali pengine mapema. Msuko ukitangulia ushahidi, ushahidi hugeuka mgeni nyumbani kwake.

Mandhari ni sehemu ya fani, na hapa mandhari ina uzito wa kesi. Uingereza ilipohamia makaa ya mawe ilipata joto lisilohitaji ardhi ya juu; msitu wake, kwa namna ya kusema, ulikuwa chini ya migodi. Boila ya Kericho haina msitu wa chini. Kila tani ya chai ina kipande chake cha ardhi kilichopandwa miti, na ardhi hiyo ni ya watu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Wakipsigis wengine walisukumwa kwenye maeneo ya akiba au wakabaki kama vibarua juu ya ardhi iliyokuwa yao. Wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa walilichukua suala hilo, na mwaka 2022 kesi ikapelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika hesabu za kaboni, shamba la mikaratusi la kampuni huandikwa kama nishati jadidifu. Ni kweli inajirudia, lakini neno hilo halisemi kitu juu ya aliyeondolewa ili miti ipate pa kuota. Mtu anayedai ardhi ya babu yake Kericho anadai pia ardhi ya kuni. Sijaona mchoro wa nishati wenye safu ya jambo hilo.

Mito nayo inaingia katika msuko. Kampuni kubwa zilijijengea mitambo midogo ya umeme wa maji kwenye mito ya Kericho, ya kwanza katika miaka ya 1930, miongo kadhaa kabla wakulima wadogo hawajaona waya wa umeme. Upande wa Bomet, hospitali ya misheni ya Tenwek ilipata mtambo wake kwenye Mto Nyangores mwaka 1987. Mito mingine ya nyanda hizi inakusanyika kuwa Sondu, na tangu 2008 mtambo wa Sondu-Miriu wa megawati 60 unaitegemea. Mkaratusi unakunywa maji mengi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza ile iliyopandwa kingoni mwa mito ing'olewe. Kwa hiyo nishati mbili za kiwanda kimoja zinagombania tone lile lile, moja ikilitaka kwenye mzizi, nyingine kwenye rafadha. Jua limeongezwa juu ya hayo yote: shamba la Changoi la Williamson lilifunga paneli za megawati 1 mwaka 2014, zinazosaidia mchana na kunyamaza usiku, wakati ambapo majani ya jioni bado yanasindikwa. Hakuna kilichong'olewa ili jua lipate nafasi. Kuni, gridi, dizeli, maji na jua vinafanya kazi ndani ya uzio mmoja, siku moja, kwa zamu.

Chuma chenyewe kinapita kwenye msuko huo huo. Rola iliyochongwa hadi ikaisha na boila iliyotoboka huuzwa kama vyuma chakavu, biashara ambayo serikali iliifunga Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, ikaifungua tena Mei. Kenya haiyeyushi mawe ya chuma kwa kiwango cha viwanda. Inayeyusha vyuma chakavu katika matanuri ya umeme. Sehemu kubwa kabisa ya umeme wa gridi inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981. Kikaushio kilichozaliwa kwa makaa ya mawe ya Uingereza na kulishwa kuni za Kericho kwa maisha yake yote kinaweza kumalizia safari kikiwa nondo, kimeyeyushwa kwa joto la Bonde la Ufa. Chuma hicho kimoja kimebeba makaa ya mawe, kuni na mvuke wa ardhini.

Nimemwacha mhusika mmoja hadi sasa, kwa sababu muundo wa moja kwa moja nao humwacha, na nilitaka pengo lake lionekane. Chai ya Kericho na Bomet imeendeshwa na mikono tangu mche wa kwanza. Majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni, kilo baada ya kilo hadi mizani ya jioni: hiyo ndiyo nishati iliyotangulia upepo, kuni, mafuta na umeme, na ndiyo iliyotumika kwa wingi kila siku. Haikuwahi kuandikwa kama nishati, ikaandikwa kama gharama ya vibarua. Ilipoanza kuondolewa ndipo ilipoonekana. Mashine za kuvuna zinazotumia petroli ziliingia kwenye mashamba makubwa, wachumaji wachache wakafanya kazi ya wengi, na Mei 2023 waandamanaji Kericho walizichoma moto baadhi ya mashine hizo. Magazeti yaliwaita wapinga maendeleo, yaani watu waliokataa kutoka jukwaani sura yao ilipotangazwa kuwa imekwisha. Mimi ninawasoma kama wahakiki wa umbo. Walikuwa wakiuliza ni nani aliyeamua kwamba hadithi hii ina mshale mmoja, na kwa nini kila mshale unapochorwa wao ndio wanaobaki upande wa nyuma.

Ningependa mchoro mwingine uwekwe kwenye ukuta wa mapokezi ya kiwanda. Uwe na safu zinazokwenda sambamba kutoka kushoto hadi kulia: mikono, upepo, kuni, makaa ya mawe yaliyomo ndani ya vyuma, maji, mafuta, gridi, jua. Safu ya mafuta inenepe na kukonda. Safu ya kuni ikonde kwenye miaka ya 1960 na inenepe tena baadaye, na chini yake ipite safu ya ardhi, yenye mwaka 1934 umeandikwa kwa wino unaosomeka kutoka mlangoni. Safu ya mikono ianzie kushoto kabisa. Na pale inapokonda, mchoraji aandike kando yake idadi ya watu waliokuwa wameajiriwa, kijiji walichotoka, na kazi waliyopewa badala yake, hata kama itabidi aache sehemu hiyo ya karatasi wazi mpaka kampuni zimletee majibu.